Merikebu ya Moshi Haikufungua Visiwa

Katika vitabu vya historia ya bahari limo neno moja lililorudiwa mara nyingi hata likapata heshima ya ukweli pasipo kuleta ushahidi. Neno hilo ni "kufungua". Husemwa kuwa merikebu ya moshi ilifungua visiwa. Kwamba kabla yake watu wa visiwani walikaa gizani, wametengwa na dunia kwa mawimbi, na kwamba baada yake mlango ulikuwa wazi na nuru ikaingia. Mwanafunzi hulisoma neno hili, hulinakili, huliandika katika mtihani. Na mwalimu, ambaye naye alilinakili zamani, humpa alama zake. Hivyo kosa hurithiwa kama shamba. Lakini kitu hakifunguliwi ila kiwe kimefungwa kwanza, na anayesema kuwa kisiwa kilifunguliwa ana wajibu wa kuonyesha ni nani aliyekifunga, lini, na kwa komeo gani.

Hapana kisa kinachofaa zaidi kwa uchunguzi huu kuliko kile cha Comet, merikebu ndogo ya Uskoti, kwa kuwa ndicho wanachokishika mkononi wenye kulitetea neno hilo. Comet ilikuwa merikebu ya moshi ya kwanza katika Ulaya kuchukua abiria kwa nauli na kudumu katika kazi hiyo. Iliundwa Port Glasgow na John Wood, ikaanza kazi Agosti 1812 katika mto Clyde, baina ya Glasgow, Greenock na Helensburgh. Na tangu 1819 ilitumwa katika bahari ya magharibi, penye visiwa vingi, kwa safari za kwenda Fort William. Ikiwa ipo merikebu iliyofungua visiwa vile, lazima iwe hii au watoto wake. Na ikiwa hii haikuvifungua, basi madai yote hayana budi kupimwa upya.

Kwanza kitazamwe chombo chenyewe, kama kilivyokuwa, si kama kinavyochorwa. Urefu wake wa kwanza haukupita sana futi 43, na mtambo wake, uliotengenezwa na John Robertson wa Glasgow, ulikuwa na nguvu za farasi wapatao 4. Kilipewa jozi mbili za magurudumu ya makasia. Ikaonekana kuwa zinasumbuana majini, ikabakizwa jozi moja. Dohani yake ndefu ilikuwa na kazi mbili: kutoa moshi, na kuwa mlingoti. Juu yake palifungwa foromali yenye tanga la mraba, ili upepo uliodharauliwa uweze kuombwa msaada wakati wa shida. Mwenye chombo, Henry Bell, hakulificha jambo hili. Katika tangazo lake la Agosti 1812 alitangaza kuwa chombo chake kitakwenda kwa nguvu za upepo, hewa na mvuke. Bell alitaja nguvu tatu. Ni wanahistoria waliokuja kufuta mbili na kubakiza moja.

Tangazo lile lina mambo mengine yanayostahili kusomwa kwa makini. Nauli ilikuwa shilingi 4 kwa chumba kizuri na shilingi 3 kwa cha pili, na abiria wakaambiwa kuwa zaidi ya hapo hapana cha kuwapa watumishi. Chombo kingeondoka Glasgow Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na Greenock Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Lakini saa ya kuondoka haikuwa ya mkato, kwa sababu ilibidi ifuate kujaa na kupwa kwa maji. Clyde ya siku zile ilikuwa na maji machache karibu na Glasgow, na mtambo haukuweza kuupita mchanga. Mvuvi yeyote wa Lamu au wa Mkokotoni angelielewa tangazo hilo kwa mara ya kwanza kulisoma: bamvua na maji mafu ndivyo vilivyokuwa bwana, na merikebu ya moshi ilikuwa mtumishi wao, kama mashua nyingine zote.

Na chombo kilikusudiwa nani? Bell alikuwa fundi aliyegeuka mwenye hoteli. Huko Helensburgh mkewe alisimamia nyumba ya wageni yenye mabafu ya bahari, na tangazo lenyewe lilipotaja merikebu liliitaja na nyumba hiyo. Comet iliundwa ili wateja wa mjini wafike hotelini bila ya kutikiswa na magari ya farasi au kuchelewa kwa upepo. Si aibu mtu kutafuta wateja. Biashara halali ni sifa. Lakini kusudi la wateja wa hoteli lisivishwe joho la ukombozi wa visiwa. Mkisiwa hakuwamo katika hesabu ya kwanza ya chombo hiki, wala katika ya pili. Aliingia baadaye, wakati vyombo vikubwa na vizuri zaidi vilipomshinda Bell katika mto aliouanzisha, akalazimika kutafuta maji yasiyo na mshindani. Comet ikarefushwa, ikapelekwa magharibi kwa njia ya mfereji wa Crinan, uliofunguliwa 1801, wenye urefu wa maili 9, unaokiokoa chombo na mzunguko mrefu wa rasi ya Kintyre.

Huko magharibi mtambo ulikutana na bahari ya kweli. Karibu na Crinan, mbele ya rasi ya Craignish, upo mlango wa bahari ambao wenyeji, kwa lugha yao ya Kigaeli, waliuita Dorus Mòr, maana yake Mlango Mkuu. Maji hupita pale kwa kasi ya kutisha yanapojaa na yanapopwa. Wenyeji waliujua mlango huo, saa zake na hasira zake, kabla ya Bell kuzaliwa. Desemba 1820 Comet, Bell mwenyewe akiwamo, ilishikwa na mkondo pale. Nguvu za farasi 4 hazikufua dafu. Ikatupwa mwambani na kuvunjika vipande viwili. Watu wote waliokoka. Mtambo uliopolewa, ukaendelea kutumika nchi kavu, na mwisho ukawekwa katika jumba la makumbusho la London, ambako wageni huutazama kwa heshima. Mwenye kupenda mafumbo hana haja ya kulitunga fumbo hapa: chombo kinachosemwa kuwa kilifungua mlango wa visiwa kilivunjikia katika Mlango Mkuu, uliokuwa wazi, wenye jina, na wenye wenyewe.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Visiwa vya magharibi mwa Uskoti havikuwa vimefungwa na bahari, kwa sababu bahari ndiyo iliyokuwa barabara yake. Mwaka 563 Columba alivuka kutoka Ireland akaweka makao ya watawa katika kisiwa kidogo cha Iona, na kisiwa hicho kikawa chuo kilichopeleka wanachuoni mbali. Enzi ya Mabwana wa Visiwa, iliyodumu mpaka 1493, ilisimama juu ya vyombo vya makasia na tanga. Na mawe ya makaburi ya Iona na Argyll yamechongwa sura za vyombo hivyo, kwa kuwa mkubwa wa watu yale alijulikana kwa chombo chake kama mkubwa wa bara anavyojulikana kwa farasi. Katika kisiwa cha Skye ng'ombe walivushwa kwa kuogeleshwa katika mlango mwembamba wa Kylerhea, wamefungwa mmoja nyuma ya mwingine, wakaanza safari ndefu ya kwenda minada ya kusini. Watu waliopeleka vitabu, majeshi na mifugo ng'ambo ya maji hawawezi kuitwa watu waliofungiwa.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Unguja, Pemba, Mafia, Lamu na Ngazija viliunganishwa na Arabuni na Bara Hindi kwa kaskazi na kusi karne nyingi kabla ya tone la mvuke kuendesha gurudumu. Akisoma kuwa kampuni fulani ya meli "ilifungua" pwani yake, na aulize kwanza: Je, majahazi yaliyotia nanga hapa yalipita wapi?

Lakini iwapo bahari haikuvifunga visiwa vya Uskoti, hii si kusema kuwa havikufungwa kabisa. Vilifungwa, na komeo linajulikana. Mwaka 1803, miaka 9 kabla ya Comet, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya vyombo vya abiria iliyopandisha gharama ya kuhama kwenda Amerika. Ilisemwa kuwa ni huruma kwa wasafiri, na kweli safari zile zilikuwa na mateso. Lakini miongoni mwa walioipigania walikuwamo wenye ardhi wa nyanda za juu na visiwani. Wakati ule walitaka mikono ya kukusanya na kuchoma mwani, ambao majivu yake yaliuzwa kwa bei kubwa kwa watengenezaji wa kioo na sabuni. Mkisiwa akihama, faida huhama naye. Vita vya Napoleon vilipokwisha 1815, na majivu ya nchi nyingine yakaingia kwa bei rahisi, bei ya mwani ilianguka. Na wale wale waliotaka watu wasiondoke wakaanza kutaka waondoke, ili kondoo wapate malisho. Masharti ya sheria yakalegezwa katika miaka ya 1820. Basi mlango ulifungwa na kufunguliwa kwa faida ya mwenye ardhi, wala haukungoja ufundi wa Bell.

Wenye kuitetea merikebu ya moshi wana hoja yao, nayo si dhaifu. Ni haki isikilizwe. Husema kuwa chombo cha tanga ni mtumwa wa upepo. Barua hungoja, mgonjwa hungoja, ng'ombe hukonda gatini, na samaki huoza. Merikebu ya moshi ilileta siku inayojulikana. Mtu aliweza kusema "Alhamisi" akamaanisha Alhamisi. Kuwa na siku inayojulikana ni jambo kubwa katika maisha ya maskini kuliko ya tajiri, kwa kuwa tajiri anaweza kulipa gharama ya kungoja. Hoja hii ni ya kweli, na mwenye kuipuuza kwa mapenzi ya tanga jeupe na nyimbo za mabaharia anaandika hadithi, haandiki historia. Njaa ilipoviingia visiwa 1846 baada ya viazi kuoza kwa ugonjwa, unga wa msaada ulihitaji vyombo, na hakuna mwenye njaa aliyeuliza chombo kimekuja kwa tanga au kwa moshi.

Lakini hoja hiyo ikubaliwe kwa kipimo chake. Inathibitisha kuwa merikebu ya moshi ilikuwa chombo chenye manufaa. Haithibitishi kuwa ilikuwa ya mkisiwa. Mashua ya zamani ilikuwa yake, au ya jirani yake. Aliiunda, aliiziba, aliipakia, akaamua saa ya kuondoka, na makosa yakawa yake. Merikebu ya moshi ilitaka mtaji, makaa ya mawe na karakana, navyo vyote vilikuwa mjini. Njia ya bahari haikuwa mpya. Upya ulikuwa katika umiliki wake. Tangu hapo palikuwa na mtu aliyekaa Glasgow aliyeamua ghuba ipi itatembelewa na ipi itapitwa, nauli itakuwa kiasi gani, na mizigo gani itatangulia. Mahali pengi hapakuwa na gati. Chombo kilisimama mbali, na wenyeji wakakiendea kwa mashua zao, wakipokea watu, magunia na ng'ombe juu ya mawimbi. Katika kisiwa cha Eigg kazi hiyo ya mashua iliendelea hata mwanzoni mwa karne ya 21. Kwa hiyo mashua iliyosemwa kuwa imepitwa na wakati ndiyo iliyoikamilishia merikebu ya moshi hatua zake za mwisho kwa miaka karibu 200. Ivushayo ni mbovu.

Wala usalama haukuwa zawadi iliyokuja pamoja na mvuke. Comet ya pili iliundwa Dumbarton 1821 kuchukua nafasi ya ile iliyovunjika. Usiku wa Oktoba 21, 1825, ikirudi kutoka kaskazini na abiria wake, iligongana na merikebu ya moshi Ayr karibu na Gourock, ikazama mara moja. Zaidi ya watu 60 walikufa, karibu na pwani, mwisho wa safari yao. Comet haikuonyesha taa. Ayr, iliyokuwa na taa, iligeuka ikarudi Greenock badala ya kubaki kuokoa. Haya hayakuwa makosa ya mvuke wala ya bahari. Yalikuwa makosa ya kanuni zisizokuwapo, na ya watu waliopewa kasi kabla ya kupewa sheria.

Tena chombo kinachokuja kwa siku inayojulikana huleta kila kitu kwa siku inayojulikana, chema na kiovu. Kilileta barua na unga. Kilileta pia hati za kuwatoa watu katika ardhi, na wageni waliokuja kutazama magofu ya nyumba zao kama mapambo ya mandhari. Baina ya 1852 na 1857 chama cha kuhamisha watu wa nyanda za juu na visiwani kiliwasaidia watu wapatao 5,000 kwenda Australia. Aprili 1882 wakulima wadogo wa Braes katika Skye walipokataa kunyang'anywa malisho, polisi wapatao 50 kutoka Glasgow walipelekwa kisiwani kwa meli kuja kuwakamata viongozi wao. Siku za tanga, amri ya mjini ilichoka njiani. Siku za mvuke ilifika ingali moto. Hatimaye tume ya serikali iliundwa 1883, ikasikiliza wakisiwa wenyewe, na sheria ya 1886 ikawapa wakulima wale usalama wa kukaa katika mashamba yao. Kilichowafungulia watu wa Skye mlango hakikuwa gurudumu la makasia, bali ulimi wao wenyewe ulipokataa kunyamaza.

Kutoka maji hayo hayo mkono ulinyooshwa mpaka Afrika ya Mashariki. William Mackinnon, mzaliwa wa Campbeltown katika rasi ya Kintyre, ndiye mwanzilishi wa kampuni ya British India, ambayo meli zake za barua zilianza kufika Unguja 1872. Na ndiye aliyesimama mbele ya Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki ilipopewa hati ya kifalme 1888. Hapo inaonekana vizuri jinsi ratiba ya meli inavyoweza kukua ikawa hati ya kutawala. Seyyid Barghash aliliona jambo hilo. Hakutosheka kuwa abiria wa meli za watu. Alinunua meli zake za moshi, zikafanya biashara mpaka Bombay. Mojawapo ya vyombo vyake, Glasgow, iliundwa Dumbarton, mji ule ule ulioiunda Comet ya pili. Agosti 27, 1896, miaka minane baada ya kifo chake, mizinga ya Kiingereza iliizamisha mbele ya forodha ya Unguja. Waliosema kuwa meli zao zimekuja kufungua kisiwa hawakuvumilia kisiwa kiwe na meli yenye mizinga yake.

Pengine itasemwa kuwa haya ni mambo ya kale, na kwamba dawa ilikwisha patikana: vyombo vikawa mali ya umma. Dawa hiyo ni nusu. Tangu 1973 visiwa vya magharibi mwa Uskoti vimehudumiwa na shirika la umma. Hata hivyo mwaka 2015 palitiwa mkataba wa kuunda meli mbili mpya Port Glasgow, mji ulioiunda Comet. Ya kwanza, Glen Sannox, ilitazamiwa 2018, ikaanza kuwahudumia watu wa kisiwa cha Arran Januari 2025, gharama ikiwa imepanda mara kadhaa. Katika mji huo huo mfano wa Comet, ulioundwa 1962 kwa kuadhimisha miaka 150, ulioza ukiwa pambo la barabarani, ukabomolewa 2023. Na Septemba 2011 meli Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama; iliruhusiwa kuchukua watu wapatao 600, na tume ya uchunguzi ilikuta kuwa walipakiwa zaidi ya 2,000. Uskoti walikosa chombo kwa miaka saba. Unguja chombo kilikuwapo, kikakosa mtu wa kusema "basi, kimejaa" na akasikilizwa. Maradhi ni mamoja: mwenye kusafiri hana sauti katika chombo kinachomchukua.

Hii ndiyo sababu neno "kufungua" halifai kuachwa likae vitabuni kwa amani. Si neno la zamani tu. Ni hoja inayofanya kazi leo. Anayeambiwa kuwa amefunguliwa hutakiwa kushukuru, na mwenye kushukuru hatakiwi kuuliza. Hauliziwi chombo kipite wapi, nauli iwe kiasi gani, maboya ya kujiokolea yako mangapi. Akiuliza, huonekana mtovu wa adabu mbele ya mfadhili. Lakini akijua kuwa bahari ilikuwa barabara yake tangu zamani, na kwamba yule aliyekuja na mtambo alikuja kufanya biashara juu ya barabara hiyo, maneno hubadilika. Hapo huzungumza kama mwenye njia anayemkaribisha mpita njia, naye ana haki ya kutaja masharti.

Comet inastahili sifa zake. Ilithibitisha kuwa mvuke unaweza kulipa gharama zake juu ya maji ya Ulaya, na mafundi walioifanya, Wood na Robertson pamoja na David Napier aliyetengeneza dishi la mvuke, wanastahili kutajwa kila atajwapo Bell. Lakini sifa ya chombo haipimwi katika jumba la makumbusho. Hupimwa gatini, msimu wa dhoruba, na mkisiwa aliyeshika mzigo wake mkononi. Yeye ndiye shahidi ambaye historia ya merikebu ya moshi iliandikwa bila ya kumwita. Na hukumu yoyote itakayotolewa kabla hajasimama na kusema haitakuwa hukumu ya haki.